Kubo Ametushika, Sasa Tujipost

Wasee wa Kitale na Bungoma, tuongee ukweli. FYP zetu zimetekwa na msee wa Japan: Takefusa Kubo. Left foot kali, winga ya right, chenga za aibu. Kutoka Tuwan hadi Kanduyi, kila base iko na edit yake, beat juu, slow-mo chini. Beki anaanguka, comments zinawaka moto.

Aibu namba moja ni kumuita "yule Mchina". Utachekwa hadi uhame base. Namba mbili ni kumuita Messi wa Japan na hujui alitoka wapi. Rada ndio hii. 2011, mtoi wa miaka kumi, aliingia La Masia ya Barça. FIFA ikakaba Barça ju ya kusajili watoi wa majuu, so 2015 akarudi home. FC Tokyo ikamchukua. 2019 Real Madrid wakamsign, wakamzungusha kwa loan: Mallorca, Villarreal, Getafe. 2022 akatua Real Sociedad, na hapo ndio aliwaka. Hiyo clip yako ya sekunde kumi imebeba jasho ya miaka.

Sasa luku. Jezi ya Sociedad ni mistari ya blue na white. Ivae Bungoma uone! Mabuda wote wanadhani ni ya Ingwe, AFC Leopards. Umetumwa chapo tu, buda anakushika mkono, anaanza za J.J. Masiga, striker wao wa zamani, anaanza za Cecafa walizobeba 82, 83, 84. Kisha anauliza, "Na huyo Kobe wenu amefunga ngapi?" Buda, ni Kubo. Na clip ya Masiga iko wapi? Ziii, iko tu kwa mdomo yako.

Jezi orijino nayo ni bei ya mbuzi. Tafuta ya mtumba, lakini soma mgongo kwanza. Ukikuta wameandika KOBE, rudisha mbio.

Na Japan wanatujua pia. Michael Olunga, striker wetu, akiwa Kashiwa Reysol, 2019 alitupia Kyoto Sanga goli nane, game moja, 13-1. 2020 akamaliza na mabao 28 na MVP ya J1. Hizo goli unaziona leo ju camera zilikuwa uwanjani.

Hapo ndio point yangu. Aldrine Kibet na Amos Wanjala walichapia St. Anthony's, Solidarity ya hapa hapa Kitale, kisha wakadunda academy ya Nàstic, Spain, nchi ile ile Kubo anachezea. 2025 walikuwa AFCON ya U-20 huko Misri, Wanjala na kitambaa ya captain. Uliza base yako nani ako na clip zao za enzi za Solidarity. Kimya. Kubo ako nazo hadi za utoto.

Najua bando ni noma. Lakini ya kumscroll Kubo usiku mzima huwa inapatikana, si ndio? Weekend ikifika, lalisha simu, simama kati ya uwanja, rekodi game yote. Andika jina ya player, timu, uwanja. Post. Scout wa Spain hatapanda nduthi Kiminini akitafuta winga wa Matisi. Atascroll tu, na akiscroll lazima akutane na sisi.