Si Kila Uvimbe wa Tumbo ni wa Mnyoo



Huko Lorugum, magharibi ya Lodwar, mwanamke akifura tumbo naye si mjamzito, watu hudhani mara moja kuwa ni hidatidi, ule uvimbe wa maji uletwao na mnyoo wa mbwa. Dhana hiyo ina msingi. Turkana imo miongoni mwa sehemu zilizosibiwa zaidi duniani, na mwaka 1983 shirika la AMREF lilianza mpango wa kuudhibiti ugonjwa huo. Lakini uvimbe mwingine huota kwenye ovari, yaani kifuko cha mayai ya mwanamke, na ndio unaotushughulisha leo.

Upo uitwao demoidi. Ukipasuliwa hukutwa nywele, mafuta, hata meno, na hapo ndipo maneno ya kurogwa huanza. La hasha! Ni chembe za yai, zenye uwezo wa kuumba nyama za kila namna, zilizokua pasipostahiki. Kwa kawaida si saratani. Hata hivyo, katika wanawake mia wenye uvimbe huo, mmoja au wawili hugeukiwa, aghalabu waliokwisha kukatikiwa na hedhi. Na saratani yenyewe mara nyingi ni ya jinsi ile iotayo katika ngozi, ajabu ya mambo, imo ndani ya tumbo. Uvimbe wa endometriosi nao huweza kugeuka, kwa nadra kama hiyo.

Basi mama aliyeambiwa zamani kuwa uvimbe wake si kitu, kisha ukakua kwa haraka, ukamletea maumivu au akaanza kukonda, na arudi hospitali akapigwe picha ya altrasaundi. Asikubali kutobolewa ovyo kabla haijajulikana ni uvimbe gani: maji ya hidatidi yakimwagika tumboni huweza kuua, na saratani nayo huenea.

Tunajua kinachowazuia wengi ni haya. Daktari mwanamke akipatikana, ndiye aula. Asipopatikana, wanazuoni wameruhusu kwa dharura mwanamume atibu, na mahram au mwanamke mwingine awepo.

Na baada ya upasuaji, jamaa waulize: nyama iliyotolewa imepelekwa maabara? Majibu yatatoka lini, na nani atakayeyafuata Lodwar?