Injini Nayo Hupumua: Tundu Kubwa Si Lazima Liwe Bora

Vijana wengi wanaojifunza ufundi hudhani kuwa ukitaka nguvu, panua matundu ya hedi na funga bomba nene la moshi. Je, ni kweli? Tuitazame injini ya Mini Cooper S, gari dogo la Uingereza lililoshinda mashindano ya Monte Carlo mwaka 1964, 1965 na 1967.

Injini hiyo ina silinda nne, lakini hedi yake ina matundu matano tu. Mawili ni ya kuingiza hewa na petroli: silinda ya 1 na ya 2 hutumia moja, ya 3 na ya 4 jingine. Matatu ni ya moshi, na lile la kati ni la silinda ya 2 na ya 3. Silinda zinazoshirikiana tundu la kuingizia huvuta kwa kufuatana, zikagombania hewa ile ile. Mafundi wa mbio walifanyaje?

Kwanza, walilainisha kona za matundu, hasa karibu na kiti cha vali, ambapo hewa hukwama. Hawakupanua ovyo. Njia ikiwa pana mno, hewa hupunguza mwendo kama mto uingiapo bondeni, na injini hulegea katika mizunguko ya chini.

Pili, walipima urefu wa mabomba. Vali ya moshi ikifunguka, wimbi la mgandamizo hukimbia ndani ya bomba. Likifika mabomba yanapoungana, sehemu yake hurudi ikiwa wimbi la kufyonza. Likiwahi vali ingali wazi, huondoa moshi uliobaki na kuvuta hewa mpya. Katika mizunguko 6,000 kwa dakika, mzunguko mmoja ni sehemu ya mia ya sekunde tu! Silinda ya 2 na ya 3 hupishana mzunguko mzima, hivyo moshi wake haugongani. Kwa hiyo tundu la kati lilipewa bomba lake refu, likaungana na mengine mbele zaidi.

Tatu, chuma kikishakwanguliwa hakirudi. Ukizidisha utatoboa njia ya maji, na hedi imeharibika. Fundi hodari hukwangua kidogo, hupima mtiririko wa hewa, kisha huendelea.

Basi kijana, kabla ya kushika grainda, shika kipimo. Haraka haraka haina baraka.