Kombewa Haikupunguzwa

Nikitaja idadi ya watu ya sensa ya 2019 mbele ya wakazi wa Kombewa, swali huwa lilelile: "Mbona mlitupunguza? Watoto wetu wako Kondele na Nairobi." Kisha vijana huagizwa kwamba sensa ijayo warudi kulala nyumbani, tupate pesa. Agizo hilo ni hasara tupu.

Sensa huuliza nani alilala hapa usiku ule. Mwaka 2019 ulikuwa usiku wa kuamkia Agosti 25. Mlinzi aliyekuwa lindoni na mvuvi wa omena aliyekuwa ziwani na taa zake huandikwa kwao, kwani kama si kazi wangelala huko. Aliyepanga chumba Kondele, mjini Kisumu, huandikwa Kondele. Ndivyo kaunti ndogo ya Seme, yenye makao makuu Kombewa, ilivyopata watu 121,667 na kaunti nzima ya Kisumu 1,155,574. (Wanaoitaja hiyo ya kwanza kuwa idadi ya mji wa Kombewa waache: ni kaunti ndogo nzima, maboma na mashamba hadi ufuoni.)

Sasa piga hesabu. Mgao wa serikali kuu huenda kwa kaunti. Kijana akipanda matatu Kondele akalale Kombewa, Kisumu haiongezeki hata mtu mmoja, maana Kondele nayo ni Kisumu! Tena mfumo wa mgao uliotumika mwaka wa fedha 2020/21 hadi 2024/25 uliipa idadi ya watu uzito wa asilimia 18 pekee. Anayetoka Nairobi ataongeza idadi yetu, kweli, lakini kesho yake anarudi kunywa maji na kupeleka mtoto kliniki mahali ambapo jina lake halipo. Huku nyumbani, dawa zinapangiwa mtu asiyekuwepo.

Hili lingepaswa kueleweka Kombewa kuliko kwingine. Watafiti wamepita humo nyumba kwa nyumba wakiandika waliozaliwa, waliofariki, waliohamia na waliohama, na majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S yalifanyika papo hapo. Kazi ya namna hiyo haiwezekani bila kujua nani anaishi wapi kwa kweli.

Unataka kisima au barabara? Tafuta idadi ya kata ndogo yako katika majedwali ya Shirika la Taifa la Takwimu (KNBS), ilinganishe na orodha ya wanafunzi, sajili kila kizazi na kifo kwa naibu wa chifu, uende nazo kwenye vikao vya bajeti ya kaunti. Usingoje sensa ya 2029.