Kompyuta Kuukuu Isitupwe: Jinsi ya Kuiwekea Mfumo Mwepesi

Kompyuta nyingi za shule, vikundi vya akina mama na saiba za mitaani zimekaa kabatini kwa sababu zimekuwa nzito. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 10 haipati tena msaada wa kawaida wa kampuni ya Microsoft, ukiwemo marekebisho ya usalama. Windows 11 nayo inadai RAM isiyopungua gigabaiti 4 na chipu ya usalama ya TPM 2.0, ambayo mashine nyingi za zamani hazina.

Mwenye mashine kama hiyo halazimiki kununua nyingine. Mifumo ya Linux hutolewa bure, na mingine imeundwa kwa kompyuta dhaifu. Mfumo wa antiX huweza kuwaka kwa RAM ya megabaiti 512. Linux Mint ya Xfce huhitaji angalau gigabaiti 2, na hufanya kazi vizuri zaidi ikipata 4.

Hatua za kufuata

1. Kunakili kila kitu. Usakinishaji unaweza kufuta diski nzima. Hesabu za mikopo ya kikundi zikifutika bila nakala, huenda zisipatikane tena. Nakala iwekwe kwenye flashi au diski ya nje, kisha ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha imekamilika.

2. Kutayarisha flashi ya pili. Faili ya mfumo ipakuliwe kutoka tovuti rasmi ya mfumo wenyewe, kisha iandikwe kwenye flashi tupu ya gigabaiti 8 kwa programu ya Rufus.

3. Kuwasha kupitia flashi. Kompyuta izimwe, flashi ichomekwe, kisha iwashwe huku kitufe cha F12, F9 au Esc kikibonyezwa, kutegemea aina ya mashine.

4. Kujaribu kwanza. Mfumo huweza kuendeshwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Huu ndio wakati wa kupima Wi-Fi, sauti na printa.

5. Kusakinisha. Mtumiaji akiridhika, aanze usakinishaji. Kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba isisakinishwe wakati stima inapotea mara kwa mara.

Mambo ya kutarajia

Barua na majedwali hufunguliwa kwa LibreOffice, na eCitizen hufikiwa kupitia kivinjari kama kawaida. Hata hivyo, programu za uhasibu zilizotengenezewa Windows pekee, pamoja na baadhi ya majedwali ya Excel yenye makro, huenda zisifanye kazi. Anayezitegemea azijaribu kabla ya kufuta chochote.

Kurasa za intaneti zenyewe hula RAM. Mwenye gigabaiti 1 afungue ukurasa mmoja kwa wakati. Ikiwa kuna akiba kidogo, kuongeza RAM au kuweka diski ya SSD kwa kawaida huwa nafuu kuliko kompyuta mpya.