Kunyonyoka kwa nywele: Tujue chanzo kabla ya kutafuta dawa

Leo tutazungumzia suala linalowasumbua watu wengi, wake kwa waume, nalo ni kunyonyoka kwa nywele. Tutaangalia sababu za hali hiyo, tiba za nyumbani ambazo zimefanyiwa utafiti, zile ambazo hazina faida au zina madhara, na mienendo inayosaidia kuzihifadhi nywele. Kuweni nasi hadi mwisho.

Hapana shaka kwamba mtu anayeona nywele zake zikipungua hupatwa na wasiwasi, na mara nyingi hatua yake ya kwanza ni kutafuta kitu cha kupaka. Jirani humshauri atumie kitunguu, shangazi humshauri atumie uwatu, na muuza duka humuonyesha chupa ya bei kubwa. Hata hivyo, kunyonyoka kwa nywele si ugonjwa mmoja, bali ni dalili ya mambo mengi yanayotofautiana. Katika baadhi ya hali hizo nywele hurudi zenyewe. Katika nyingine hurudi iwapo chanzo kitaondolewa mapema, na katika nyingine hazirudi tena iwapo muda utapotea. Ndiyo maana swali la kwanza ni kwa nini nywele zinatoka, kisha ndipo tuulize tupake nini.

Ili kulifahamu vyema jambo hili, ni vizuri kwanza tujue namna nywele zinavyoota. Kichwa cha binadamu kina takriban nywele laki moja, na kila unywele huota kutoka kwenye kifuko kidogo kilichomo ndani ya ngozi. Unywele hukua kwa miaka kadhaa, kwa wastani wa sentimita moja hivi kwa mwezi, kisha hupumzika kwa muda wa miezi miwili au mitatu na hatimaye kudondoka ili kuupisha mwingine. Kwa msingi huo, mtu kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni jambo la kawaida. Maadamu kifuko kingali hai, unywele mwingine unaweza kuota. Lakini kifuko kikishaharibika na nafasi yake kuchukuliwa na kovu, hakuna mafuta wala dawa ya kupaka inayoweza kukifufua.

Inafaa pia kutofautisha kati ya nywele zinazong'oka na zinazokatika. Unywele uliong'oka huwa na kijiuvimbe cheupe kwenye ncha yake moja. Uliokatika hauna kijiuvimbe hicho, na kwa kawaida huwa mfupi kuliko wenzake. Kukatika hutokana na ukavu, moto wa pasi ya nywele au dawa za kulainisha, na hali hiyo hurekebishwa kwa matunzo. Kung'oka hutokana na jambo linaloathiri kifuko chenyewe au mwili kwa ujumla.

Naam wasikilizaji, sasa tuangalie sababu kuu. Sababu ya kwanza ni mshtuko wa mwili. Homa kali, upasuaji, kupungua uzito kwa haraka, huzuni kubwa au kujifungua mtoto huweza kuzifanya nywele nyingi ziingie katika kipindi cha mapumziko kwa wakati mmoja. Nywele hizo hudondoka miezi miwili au mitatu baadaye, wakati mgonjwa ameshapona na kusahau. Watu wengi waliougua UVIKO-19 kuanzia mwaka 2020 walishuhudia hali hii. Akina mama nao huiona kwa kawaida miezi mitatu hivi baada ya kujifungua, na wengi wao nywele hurejea kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja. Hapa mara nyingi kinachohitajika ni subira na lishe bora. Inawezekana kwamba tiba nyingi za kienyeji zimepata sifa kutokana na hali hii, kwani yeyote aliyepaka chochote wakati huo angeona nywele zinarudi.

Sababu ya pili ni urithi na homoni. Kwa wanaume nywele hurudi nyuma kwenye paji la uso na kupungua utosini, na kwa wanawake njia ya katikati ya kichwa huzidi kupanuka. Sababu ya tatu ni ukosefu wa madini ya chuma mwilini, au matatizo ya tezi ya thairoidi iliyoko shingoni. Sababu ya nne ni mapunye, yaani maambukizi ya fangasi ambayo huwapata zaidi watoto. Sababu ya tano ni kinga ya mwili kushambulia vifuko vya nywele, hali inayoacha viraka laini vya mviringo visivyo na magamba.

Sababu ya sita inatuhusu sana sisi na mabinti zetu, nayo ni kuvutwa kwa nywele kwa muda mrefu. Misuko inayobana, rasta nzito, nywele za kushonea na vifundo vinavyokazwa kila siku huvuta mizizi hadi nywele za pembeni mwa paji la uso na juu ya masikio zinapotoka. Utafiti uliofanywa Cape Town nchini Afrika Kusini, na kuchapishwa mwaka 2007 na Profesa Nonhlanhla Khumalo na wenzake, uligundua hali hii kwa karibu mwanamke mmoja kati ya watatu waliochunguzwa. Aidha, watafiti hao walibaini kuwa hatari huongezeka pale nywele zilizotiwa dawa ya kulainisha zinaposukwa au kushonewa nyingine. Mwanzoni hali hii huweza kurekebishika kikamilifu. Lakini msuko wa aina hiyo ukiendelea kwa miaka, vifuko hugeuka makovu.

Baada ya kuzitaja sababu hizo, tuzigeukie tiba za nyumbani. Tukianza na mafuta ya nazi, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa mafuta haya hupenya ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini zake wakati wa kuoshwa, tofauti na mafuta ya alizeti na mafuta yatokanayo na petroli. Kwa hivyo desturi ya bibi zetu ya kupaka mafuta ya nazi kabla ya kuosha nywele ina msingi wa kisayansi. Hata hivyo, kinachozuiliwa hapa ni kukatika, wala hakuna ushahidi kuwa mafuta hayo huotesha nywele mpya. Mwenye mba naye ajihadhari asiyaache mafuta kwenye ngozi ya kichwa kwa siku nyingi, kwani fangasi wanaochangia mba hustawi kwenye mafuta.

Kuhusu maji ya kitunguu, watafiti wa Baghdad nchini Iraq walichapisha mwaka 2002 utafiti mdogo uliowahusu wagonjwa wenye viraka vya mviringo, na wengi waliopaka maji hayo mara mbili kwa siku waliota nywele ndani ya wiki chache. Ni vyema kuashiria hapa kwamba viraka vya aina hiyo mara nyingi hupona vyenyewe, na kwamba utafiti huo haukuhusu upara wa kurithi wala nywele zilizotoka kwa misuko. Vilevile mwaka 1998, watafiti wa Aberdeen huko Scotland waliwapa wagonjwa wa viraka mchanganyiko wa mafuta ya rosmari, lavenda, zaatari na mwerezi, wakayasugua kichwani kila siku kwa miezi saba. Asilimia 44 ya wagonjwa hao walipata nafuu, ikilinganishwa na asilimia 15 ya waliotumia mafuta ya kawaida. Huko Iran nako, utafiti wa mwaka 2015 ulilinganisha mafuta ya rosmari na dawa ya minoksidili ya asilimia mbili kwa wanaume wenye upara wa kurithi, na baada ya miezi sita makundi yote mawili yalipata ongezeko dogo la nywele. Tafiti hizi zinatia moyo, lakini ni chache na zilihusisha watu wachache. Atakayependa kujaribu mafuta hayo ayachanganye na mafuta ya kawaida, na aanze kwa kuyapaka kidogo nyuma ya sikio ili kuona kama ngozi yake itayakubali.

Ama mafuta ya mnyonyo, uwatu, habasoda na shubiri, haya hulainisha nywele na hayana madhara kwa watu wengi, lakini hakuna utafiti madhubuti uliothibitisha kuwa yanaotesha nywele zilizotoka. Kunyoa upara nako hakuongezi wingi wa nywele. Nywele zinazoota baada ya kunyolewa huonekana nene kwa sababu tu ncha zake zimekatwa butu.

Kuna pia vitu vinavyodhuru. Kitunguu saumu kibichi kikiachwa kwenye ngozi huweza kuichoma hadi ikatoa malengelenge. Limau likipakwa kisha mtu akatoka juani husababisha vidonda na madoa meusi. Mafuta ya taa hayafai kabisa kichwani. Hina halisi haina shida kwa wengi, lakini piko, yaani rangi nyeusi ya kemikali ambayo wengine huichanganya na hina, huweza kuleta mzio mkali wa ngozi na uvimbe wa uso.

Wasikilizaji wapenzi, yawezekana tiba bora kabisa ya nyumbani ni yale tunayoacha kuyafanya. Msuko ukiuma, umebana kupita kiasi. Kuumwa kichwa na vipele vidogo pembeni mwa paji baada ya kusukwa ni onyo, na dawa yake ni kuufumua msuko huo wala si kumeza vidonge vya maumivu. Mama anayemsuka bintiye, au anayempeleka kwa msusi, asimwambie mtoto avumilie. Misuko minene na iliyolegea ni salama zaidi kuliko ile myembamba iliyokazwa. Rasta zisikae zaidi ya miezi miwili hadi mitatu, na baada ya kufumuliwa nywele zipewe mapumziko. Anayetumia dawa ya kulainisha asirudie kabla ya wiki nane hadi kumi, na apake sehemu iliyoota upya peke yake. Kwa wanaovaa hijabu au kilemba, nguo yenyewe haina madhara. La muhimu ni kutokaza kifundo cha nywele chini yake, na kuacha nywele zikauke kwanza.

Kuhusu chakula, nywele zinahitaji protini na madini ya chuma. Maharage, choroko, dagaa, mayai, nyama na mboga za majani ni vyakula vinavyopatikana kwa urahisi. Inafaa kukumbusha kwamba chai inayonywewa pamoja na chakula hupunguza uwezo wa mwili kufyonza madini ya chuma, ilhali chungwa au pilipili hoho huuongeza. Kwa hivyo ni bora kuichelewesha chai kwa saa moja au mbili baada ya kula. Vidonge vya vitamini havimsaidii mtu asiye na upungufu, na vitamini A ikizidi huweza yenyewe kusababisha nywele kutoka. Mwaka 2017 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilionya pia kuwa biotini, ambayo huuzwa sana kwa ajili ya nywele, huweza kupotosha majibu ya vipimo vya damu, vikiwemo vya moyo. Anayeitumia amjulishe daktari kabla ya kupimwa.

Je, ni wakati gani mtu aende hospitali? Kwanza ni pale mtoto anapokuwa na viraka vyenye magamba au usaha. Mapunye hayatibiki kwa kupaka peke yake, kwa sababu fangasi huwa wameingia ndani ya unywele. Dawa ya kumeza hutumika kwa wiki kadhaa, na vitana, kofia na mashine za kunyolea zisishirikiwe. Yakiachwa hadi yakatunga usaha huweza kuacha kovu la kudumu. Pili ni pale nywele zinapotoka utosini zikiambatana na mwasho, maumivu au ngozi kung'aa. Kuna ugonjwa unaoacha makovu utosini ambao huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika, na utafiti wa mwaka 2019 uliuhusisha kwa baadhi yao na mabadiliko katika jeni iitwayo PADI3. Kwa hivyo mwanamke asilaumiwe kwamba amejitakia kwa mitindo yake. Tatu ni pale nywele zinapotoka sambamba na uchovu, moyo kwenda mbio, mzunguko wa hedhi kuvurugika au vipele usoni, kwani huenda ni dalili ya upungufu wa damu, maradhi ya thairoidi au lupasi.

Kwa upara wa kurithi, zipo dawa zilizothibitishwa. Minoksidili ya kupaka iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1988, na finasteridi ya kumeza iliidhinishwa kwa wanaume mwaka 1997. Matokeo huonekana baada ya miezi kadhaa, na faida hupotea dawa zikiachwa. Wajawazito hawapaswi kuzitumia. Na kwa anayeona upara wake haumkeri, kuuacha kama ulivyo ni uamuzi sahihi pia, kwani upara huo hauumi wala hauambukizi.

Kwa hayo, wasikilizaji wapenzi, tunafika mwisho wa makala yetu. Ukiona nywele zinapungua, tazama zinatoka sehemu gani, kumbuka mwili wako ulipitia nini miezi mitatu iliyopita, na legeza kinachozivuta. Mafuta ya nazi yanaweza kungoja jikoni hadi majibu ya maswali hayo yapatikane, lakini kifuko kinachogeuka kovu hakingoji.