Kangaga la Mlango wa Bwalo

Wenzangu wa madarasa ya juu mnalikumbuka kangaga kubwa lililokuwa mlangoni pa bwalo, majani yake marefu yamejipanga kama kiota cha ndege. Mimi ndimi niliyeliua. Nilipokuwa Kidato cha Pili nililipasua kwa panga, nikidhani nitapata mawili kama tufanyavyo migomba. Kumbe kangaga la namna hii huchipua katikati tu. Vipande vyote viwili vilioza.

Kangaga halitoi ua wala mbegu. Chini ya jani mna mistari ya rangi ya kahawia, na humo mna vumbi la uzazi. Likizo iliyopita nilileta jani moja kutoka msitu wa Usambara, ambako huota juu ya miti na kula majani makavu yanayoliangukia. Mti wenyewe halinyonyi.

Nililifunga jani katika karatasi siku mbili, vumbi likadondoka. Nikachemsha kipande cha tofali kuua kuvu, nikakiweka katika sahani ya maji, nikanyunyiza vumbi, nikafunika kwa chupa, kivulini. Baada ya majuma kadhaa tofali likawa kijani. Vilikuwa vijani vidogo mno, vyenye umbo la moyo. Hapo chembe ya kiume huogelea majini kuifuata ya kike. Tofali likikauka, hakuna mtoto. (La kwanza lilinikaukia.)

Sasa ninavyo vitoto kumi na kimoja, kila kimoja kama ukucha. Mimi naondoka Novemba. Ndugu zangu wa Kidato cha Kwanza, tafadhali, maji yatiwe sahanini, yasimwagwe juu.