Makufuli ya Gari la Kazi Lilalalo Nje

Saa kumi na moja alfajiri, taa za Barabara ya Jogoo zikiwa hazijazimwa bado, magari ya kazi ya Eastlands, Nairobi, huwa yamekwisha kuamka: hayesi ya mfanyabiashara wa mitumba yaelekea Gikomba, probox ya mikate yazunguka Buruburu, na gari la fundi wa mabomba, lenye ngazi kichwani na mashine tumboni, latoka Umoja kwenda kutafuta riziki upande wa pili wa mji. Mwenye gari hilo, kabla hajawasha moto, hulizunguka mara moja akilitazama kama mtu anayehesabu watoto wake: saidmira zipo, betri ipo, gurudumu la akiba lipo, mlango wa nyuma haukuguswa. Hesabu hiyo ikikosa kutimia, nyumba nzima hukaa kitako isijue itakula nini, kwa kuwa gari hili ndilo duka, ndilo karakana, na aghalabu ndilo deni ambalo halijamalizwa kulipwa.

Yafaa kwanza tujue kwa nini magari haya hulala nje. Mitaa mingi ya zamani ya Eastlands, mathalani Kaloleni, Ziwani na Bahati, ilijengwa na wakuu wa mji zama za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika ambao hapana mtu aliyedhani kuwa siku moja wangemiliki gari, na Makongeni nayo ilijengwa kwa ajili ya watu wa reli. Vyumba vilihesabiwa na mabomba yakahesabiwa, walakini mahali pa gari hapakuwekwa. Umoja ya miaka ya 1970 ilianza kwa nyumba za chini, kisha ghorofa zikapanda juu ya ghorofa, hata ploti iliyokusudiwa jamaa moja ikabeba jamaa wengi na ua wa kuanikia nguo ukamezwa na ngazi. Wakazi wa Buruburu wana nafuu ya korti zao zenye geti na askari wa usiku. Aliyeko Kayole, Pipeline au Tassia hulipa fedha kila usiku ili gari lake lilale kwenye kituo cha petroli au katika ua wa kanisa, na asiyekuwa na fedha hizo huliacha kando ya njia na kumkabidhi Mungu.

Basi mtu wa namna hii akienda dukani kununua kufuli, aulize nini? Wengi huuliza lipi lisilovunjika, na hilo halipo duniani. Huko London kiwanda cha Bramah kiliweka dirishani kufuli pamoja na ahadi ya gini 200 kwa yeyote atakayelifungua bila ufunguo wake; likakaa miongo mingi halijashindwa, mpaka mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makuu ya mji huo, alipokuja Mmarekani aitwaye Alfred Charles Hobbs akalifungua, baada ya kulishughulikia kwa muda wa saa 51 zilizogawanyika katika siku 16. Watu husimulia kisa hiki kama habari ya kufuli lililoaibika, nami nakisoma kinyume chake. Kufuli lililomtoa jasho bingwa wa zama zake kwa saa 51, naye ameketi kwa utulivu na zana zake zote mkononi, lilikuwa limetimiza wajibu wake, maana mwivi wa kando ya Rabai Road usiku wa manane hana saa 51. Hana hata dakika 10, kwa kuwa mbwa watabweka, askari atamulika tochi, na boda boda ya mwisho itapita ikimwangazia uso. Kazi ya kufuli ni kumchelewesha mwivi na kumlazimisha kupiga kelele, na kila fedha itolewayo dukani haina budi kupimwa kwa mizani hiyo.

Wevi wenyewe nao si wa namna moja. Yuko anayetaka viungo vya gari tu, saidmira, taa au betri, na huyu dawa yake ni rahisi na mitaa yetu imekwisha kuijua: namba ya gari huchorwa juu ya kila kioo, saidmira hupigwa ribiti, na betri hufungiwa kizimba cha chuma. Wa pili anataka mzigo uliomo ndani. Wa tatu anataka gari lenyewe. Mwenye gari la kazi aghalabu humwogopa huyu wa tatu akamsahau wa pili, ilhali wa pili ndiye amjuaye vizuri zaidi, kwa sababu humwona kila jioni akishusha na kupakia grainda, keekee na mashine ya kuchomelea.

Siku moja nilikaa kutwa katika banda la fundi wa kuchomelea huko Kariobangi Light Industries, akaja mzee mmoja na hayesi ambayo mlango wake wa nyuma ulikuwa umeng'olewa usiku, naye alikuwa amejaa hasira juu ya kufuli alilouziwa. Fundi akalitwaa kufuli lile, akalisogezea sumaku ya spika iliyovunjika. Sumaku haikushika mwili wake, ikashika upinde wake tu. Akapitisha tupa juu ya upinde ule, na tupa ikateleza isiume, ikaacha alama nyembamba kama unywele. "Mzee," akasema, "kufuli lako ni zuri. Hebu litazame tena." Tukatazama sote: kufuli lilikuwa limefungwa bado! Lilining'inia kwenye tumbuu yake, na tumbuu ilikuwa imechomoka mlangoni pamoja na skrubu zake nne, kila skrubu ikiwa imebeba kipande cha bati kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Mwivi hakuligusa kufuli, alitia mtaimbo nyuma ya tumbuu akakandamiza mara moja.

Katika mambo yote niliyojifunza mintarafu ya makufuli ya magari, hilo nimeliona kuwa kubwa kuliko yote. Bati la mlango wa gari halifiki hata unene wa milimita moja, na skrubu iliyotiwa katika bati hilo haina kitu cha kushika. Kwa hiyo kufuli la shilingi elfu kadhaa likifungwa juu ya tumbuu ya skrubu, nguvu yake yote ni nguvu ya bati lile. Fundi yule alikata chuma cha milimita 3, kipana kama kiganja, akakiweka upande wa ndani wa mlango, akapitisha bolti zenye vichwa vya mviringo ambavyo spana haiwezi kuvishika kutoka nje, kisha nati akazikazia ndani na kuzichomelea. Kabla hajawasha mashine ya kuchomelea alifungua waya wa betri, maana umeme wa mashine ile huweza kuunguza kompyuta ya gari, nami nimeona mafundi wengi wakilisahau jambo hili kwa hasara ya wateja wao. Alipomaliza, akapaka rangi ya kuzuia kutu hata ndani ya matundu. Watu wa kale wa Lamu na Mombasa walilijua jambo hili kwa njia yao, kwani mlango mzito haukuachiwa komeo peke yake, bali ulitiwa kiwi nyuma, kipande cha mti kilichochukua nguvu ya msukumaji na kuipeleka ukutani.

Tumbuu ikisha kuwa imara, ndipo kufuli lenyewe lizungumzwe. Sumaku itakwambia upesi kama shaba uliyoahidiwa ni shaba au ni chuma kilichopakwa rangi ya manjano, ijapokuwa yako makufuli mazuri ya chuma kitupu ambayo hayajidai kuwa shaba. Tupa itakwambia kama upinde umekomazwa kwa moto. Upinde mwembamba wa milimita 6 hukatwa kwa mkasi wa vyuma wa mkono katika muda wa kukohoa, na ule wa milimita 10 au 12 wahitaji mkasi mrefu ambao mtu hawezi kuuficha ndani ya koti. Na bora zaidi ni kufuli ambalo upinde wake umefunikwa na mabega ya chuma, hata mkasi haupati mahali pa kuuma. Siku hizi wevi wana grainda za betri, nazo hukata kila kitu, walakini hukata kwa mlio na cheche, na mlio huo ndio tunaoutaka. Vumbi la mitaa yetu nalo lina uadui na makufuli: mafuta mazito hulishika vumbi na kuziba matundu, kwa hiyo afadhali unga wa risasi ya penseli utiwe kwenye tundu la ufunguo mara moja kwa mwezi.

Mlango wa nyuma wa hayesi hufunguka kwenda juu, basi tumbuu yake huwekwa chini, mlango unapokutana na bodi. Na mlango wa kuteleza huwekewa yake pale unapokutana na nguzo. Hayo yote ni bure ikiwa kioo kikubwa kimebaki wazi, maana mwivi atavunja kioo na kuingia kama mwenye nyumba. Jali, yaani wavu wa chuma, lifungwe kwa ndani kabla ya kufikiri kununua kufuli la pili. Na neno moja ambalo siwezi kulipita: gari linalobeba vijana wa kazi nyuma lisifungwe kwa kufuli la nje hata kwa safari fupi ya kutoka Donholm hadi Industrial Area, kwani moto au ajali haimngoji mtu atafute ufunguo.

Ama mwivi anayetaka gari lenyewe, huyu hana budi kuzuiwa kwa namna nyingine. Hayesi nyingi za Kenya hutoka Japan zikiwa zimekwisha kutumika, ndani ya ile miaka 8 inayoruhusiwa na sheria, na gari hili kwa miaka kadhaa liliongoza orodha ya magari yanayoibwa zaidi huko Japan kwenyewe. Nchi za Umoja wa Ulaya zililazimisha magari madogo mapya, tangu mwaka 1998, yawe na kifaa kinachozuia injini isiwake pasipo ufunguo wenye alama yake ya siri. Hayesi za zamani za kazi nyingi hazina kifaa hicho, na anayejua nyaya mbili za kugusanisha huziwasha. Kwa hiyo loki ya gia, ile inayofungwa kwenye sakafu kwa bolti ambazo vichwa vyake hukatika zinapokazwa, naipenda kuliko fimbo ya usukani, kwa kuwa usukani wenyewe hukatwa kwa msumeno wa chuma na fimbo ikatolewa nzima. Hata hivyo fimbo ile ina faida ya kuonekana dirishani, na mwivi mvivu akiiona huenda akapita. Swichi ya siri inayokata umeme wa pampu ya mafuta ni ya bei nafuu na yenye nguvu, madhali haikufichwa mahali ambapo kila fundi huificha. Kifaa cha kufuatilia gari, ambacho wengi hukiita treka, husaidia baada ya gari kuondoka, wala hakilizuii kuondoka.

Katika yote haya ufunguo ndio mlango ulio wazi. Ukikandamizwa juu ya kipande cha sabuni huacha sura yake yote, na mchongaji wa funguo aliyeketi kando ya njia na mashine yake ndogo hana namna ya kujua sura ile ilitoka mfukoni mwa nani. Siwatuhumu vijana wanaotuoshea magari wala mafundi wanaoyatengeneza. Wengi wao ni waaminifu, na ndio wanaotupigia simu gari likiguswa. Nasema tu kwamba ufunguo wa kuwashia gari usikae katika pete moja na ufunguo wa kufuli la mlango wa nyuma, na kwamba anayepeleka gari kuoshwa atoe ule mmoja unaohitajiwa. Aliyenunua gari kutoka kwa mwenziwe hajui funguo zake ziko mikononi mwa watu wangapi, na kwa mtu huyo kufuli la ziada, lenye funguo mpya alizozipokea mwenyewe, si hiari tena.

Bima ya lazima, ile ya kuwafidia wengine barabarani, hailipi gari likiibwa. Bima kubwa hulipa, na aghalabu kampuni hutaka gari liwe na kinga ya wizi, wala haihesabu grainda na keekee zilizomo ndani isipokuwa zimekatiwa bima yake. Sheria nayo ipo: kifungu cha 278A cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya humpa mwivi wa gari kifungo cha hadi miaka 7. Lakini polisi humtafuta mtu na gari kwa alama, na mimi nimewaona watu wakisimama mbele ya meza ya kituo wasijue namba ya chasisi ya gari walilolilipia miaka minne.

Kwa mwenye fedha chache, hukumu yangu ni hii: atengeneze tumbuu na chuma cha ndani kwanza, atie jali kwenye vioo, kisha anunue kufuli moja lenye upinde uliofunikwa, loki ya gia ifuate mwezi mwingine, na treka ije mwisho. Na jioni hii, ndugu msomaji, kabla hujalala, chukua karatasi uandike namba ya chasisi, namba ya injini na namba ya kila mashine iliyomo garini, uiweke karatasi hiyo ndani ya nyumba.